Gemu za watu wazima kuondolewa kwenye maduka ya mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Julai 2025 maswali ni yaleyale: nani kazifuta, kwa sheria gani, na je, huku si kuziba watu midomo? Nimeyakusanya na kuyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale yanayoumiza kichwa. Humu hamna picha wala simulizi za ndani ya gemu zenyewe. Aliyekuja kutafuta hizo kapotea njia.

## Mambo ya mwanzo

Hasa kilitokea nini?

Steam ndilo duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta, na mwenyewe ni kampuni ya Valve ya Marekani. Katikati ya Julai 2025 duka hilo liliongeza sharti la 15 kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuuzwa humo. Kwa Kiswahili, sharti hilo linakataza maudhui yanayoweza kukiuka kanuni za kampuni zinazoshughulikia malipo ya Steam, mitandao ya kadi na benki zake, au watoa huduma wa intaneti, na hasa "aina fulani" za maudhui ya watu wazima tu. Aina zipi? Hazikutajwa. Siku hizohizo gemu nyingi zikatoweka dukani, nyingi kati yake zikiwa za ngono kati ya ndugu wa familia moja.

Haikupita hata wiki mbili. Tarehe 24 Julai duka la itch.io, ambalo ni kimbilio la watengenezaji wadogo wanaojitegemea, lilitangaza kwamba limeondoa kwenye utafutaji wake kila kitu kilichowekewa alama ya watu wazima. Kila kitu: gemu, vitabu vya picha, vijarida, hata kazi zinazogawiwa bure. Duka lilikiri kwamba mambo yalikwenda mbio mno kiasi cha kushindwa kuwaarifu wenye kazi mapema. Mtu aliamka asubuhi, akaandika jina la gemu yake kwenye kisanduku cha kutafutia, akakuta halipo.

Kuondolewa na kufichwa si kitu kimoja?

Si kimoja, na mabishano mengi yanaanzia kwenye kuvichanganya. Gemu *iliyoondolewa* haina tena ukurasa wa mauzo. Gemu *iliyofichwa* ipo bado, ila haitokei ukitafuta. Aliye na anwani yake kamili anaifikia. Hivyo ndivyo itch.io ilivyofanya kwa sehemu kubwa. Halafu kuna gemu iliyo dukani, inaonekana, lakini hailipiki, kwa hiyo inabaki ya bure hata kama mwenyewe hataki. Tarehe 31 Julai itch.io ilianza kuzirudisha kwenye utafutaji kazi za watu wazima za bure, huku za kulipia zikiendelea kusubiri. Ukitaka kujua tatizo lilikuwa maudhui au pesa, tarehe hiyo inakujibu.

Nani alianzisha?

Kundi la wanaharakati la Australia liitwalo Collective Shout, lililoanzishwa mwaka 2009 na Melinda Tankard Reist, ambalo hupinga biashara inayowageuza wanawake na wasichana kuwa vitu vya ngono. Kabla yake, Aprili 2025, kulikuwa na gemu iliyoitwa No Mercy, ambayo mchezaji alihamasishwa kuwabaka wanawake. Ililalamikiwa Uingereza, Canada na Australia, na mtengenezaji akaitoa mwenyewe Steam. Collective Shout hawakuishia hapo. Walisema wamekuta Steam gemu karibu 500 zenye maudhui ya ubakaji na ngono za kifamilia, na kwamba waliiandikia Valve bila kujibiwa. Tarehe 11 Julai wakatoa barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni za malipo na kadi, yaani PayPal, Visa, Mastercard, Paysafe, Discover na JCB ya Japani, wakizitaka ziache kushughulikia malipo ya maduka yanayouza gemu hizo.

Kati ya barua hiyo na sharti la 15 zilipita siku chache tu. Sidhani kama kuna bunge lolote duniani lenye kasi hiyo.

Kwa nini barua ilikwenda kwa kampuni za kadi badala ya serikali?

Kwa sababu serikali ina utaratibu mrefu. Italazimika kutunga sheria, kuitetea mahakamani, na kueleza neno kwa neno inakataza nini. Kampuni ya kadi haidaiwi hata kimoja kati ya hivyo. Inachotazama ni jina lake lisichafuke. Wanaharakati walilijua hilo, na kwa upande wa mbinu waliona mbali.

## Njia ya pesa

Kampuni ya kadi inahusikaje na gemu niliyoitaka mimi?

Chukua mfano wa Mangi wa mtaani kwako. Anauza unga, sukari, soda, vocha na sigara. Wateja wake karibu wote siku hizi wanalipa kwa lipa namba. Sasa kampuni ya simu inampigia: tumesikia unauza sigara za aina fulani, ziondoe, la sivyo tunafunga namba yako. Sigara hizo hazijakatazwa na sheria, wala hakuna askari aliyekuja. Lakini Mangi akigoma hapotezi mauzo ya sigara peke yake. Hatauza hata unga. Ataziondoa, na akishaingiwa na hofu ataondoa na kiberiti.

Kwa gemu, mnyororo ni mrefu zaidi. Unabonyeza kununua, unaandika tarakimu 16 za kadi, tarehe ya mwisho na zile namba 3 za nyuma, namba ya siri ya mara moja inaingia kwenye simu, unaithibitisha. Kabla duka halijakwambia "asante", ombi lako limeshapita kwa kampuni inayoshughulikia malipo (Stripe au PayPal, kwa mfano), benki inayompokelea muuzaji pesa, mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, na benki yako wewe. Yeyote kati yao akikataa, hakuna mauzo. Na yule wa kati, benki ya muuzaji, hutamjua jina. Hata wauzaji wengi wadogo hawamjui.

Mastercard wamesema hawakugusa gemu yoyote. Nani mkweli?

Soma maneno yao polepole. Katika taarifa ya tarehe 1 Agosti 2025 Mastercard walisema hawajaipima gemu yoyote wala kulitaka duka lolote la gemu lizuie kitu, na kwamba mtandao wao unaruhusu manunuzi yote yaliyo halali kisheria. Ila wakaongeza kwamba wauzaji wanatakiwa kuhakikisha kadi hazitumiki kununua kilicho haramu, yakiwemo maudhui haramu ya watu wazima.

Valve wakajibu kwamba kweli, Mastercard hawakuzungumza nao ana kwa ana, ingawa wao Valve waliomba kuzungumza nao. Kwa maelezo yao, Mastercard walizungumza na kampuni za malipo na benki zake, na kampuni hizo za malipo ndizo zilizowafikia Valve, zikitaja kanuni ya Mastercard namba 5.12.7. Kanuni hiyo inakataza muamala ulio haramu *au* ule ambao, kwa uamuzi wa Mastercard peke yake, unaweza kuharibu sifa ya kampuni au nembo yake.

Basi pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penye kero. Mastercard hajamgusa mtu. Kaandika kanuni pana kama bahari na kumwachia benki aogope. Benki haina uamuzi. Inafuata kanuni ya Mastercard. Stripe nao walieleza kwamba mipaka yao inatoka kwa benki washirika wao. Duka linasema limelazimishwa. Mtengenezaji anayetaka kukata rufaa anazungushwa kama mtu anayefuatilia hati ya kiwanja: dirisha hili linakutuma lile, lile linakurudisha hili.

Neno la kushika ni lile "au". Upande wake wa kwanza unazungumzia sheria, upande wa pili unazungumzia aibu. Sheria unaweza kuisoma kabla hujatengeneza gemu yako. Aibu ya kampuni utaisomea wapi?

Valve ni matajiri. Kwa nini hawakugoma?

Walieleza wenyewe: wakipoteza njia za malipo, wateja watashindwa kununua hata gemu nyingine zote, za mpira na za magari. Na halikuwa tishio la mdomoni. Julai hiyohiyo benki inayoipokelea PayPal malipo ya Steam ilisitisha huduma kwa sarafu nyingi, zikabaki sita: dola ya Marekani, ya Canada na ya Australia, yuro, pauni na yeni.

Si wangepokea Bitcoin?

Walishajaribu. Steam ilianza kupokea Bitcoin mwaka 2016 ikaiacha Desemba 2017, kwa sababu bei yake ilikuwa ikipanda na kushuka hovyo na makato ya muamala mmoja yalifika karibu dola 20. Hebu fikiria kulipa makato ya dola 20 kwa gemu ya dola 5.

Hii ndiyo mara ya kwanza kampuni za malipo kufanya hivi?

Hapana. Desemba 2010 Visa, Mastercard na PayPal zilikata michango ya WikiLeaks, tovuti inayofichua nyaraka za siri, na huko hakukuwa na habari ya ngono. Kampuni ya Iceland iliyokuwa ikipokea michango hiyo ilimshtaki wakala wa Visa wa nchini humo, Valitor, na Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya Iceland ikaamuru njia ya malipo ifunguliwe ndani ya siku 15, la sivyo Valitor ilipe krona 800,000 kwa kila siku ya kuchelewa.

Desemba 2020 Visa na Mastercard ziliacha kupokea malipo ya tovuti ya ponografia ya Pornhub baada ya gazeti la New York Times kuandika juu ya video za watoto na za watu waliorekodiwa bila ridhaa. Agosti 2021 OnlyFans, tovuti ambako watu huuza picha na video zao, ilitangaza kupiga marufuku ngono ya wazi, ikitupia lawama benki, kisha ikabadili msimamo ndani ya wiki moja. Japani, duka la DLsite lilibadilisha kwanza majina ya makundi ya kazi zake mwaka 2024 ili kuziridhisha kampuni za kadi, na halikufua dafu: malipo ya Visa na Mastercard yakasitishwa humo Aprili mwaka huohuo. Ndiyo maana Wajapani walipozisikia habari za Steam hawakushtuka.

Usiyaweke yote kapu moja, lakini. Katika Pornhub kulikuwa na watu halisi walioumizwa, wenye sura na majina. Katika gemu kuna michoro. Tofauti hiyo haimalizi mjadala, ila anayeirukia hataki mjadala.

## Uhuru wa kujieleza

Katiba ya Marekani hailindi gemu?

Inalinda, na kwa nguvu. Mwaka 2011, katika kesi ya Brown dhidi ya chama cha wauzaji wa burudani, Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria ya California iliyozuia kuwauzia watoto gemu zenye ukatili. Uamuzi ulipita kwa majaji 7 dhidi ya 2, na mahakama ilisema gemu ni kujieleza kama kitabu au tamthilia. Kinachobaki nje ya ulinzi ni uchafu wa ngono uliovuka kipimo cha kesi ya Miller ya 1973, ambacho huangalia, pamoja na mengine, kama kazi nzima haina thamani ya dhati ya kisanaa, kifasihi, kisiasa au kisayansi.

Ila Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yanayolinda uhuru wa kujieleza, yanaifunga mikono serikali. Hayamfungi Mangi wala benki. Kwa hiyo mtu akikwambia "Steam imevunja katiba", mwambie bado hajafika penyewe.

Je, kama serikali ndiyo inayoisukuma kampuni?

Hapo mambo hubadilika, na kuna kesi inayofaa kusomwa na kila anayebishania jambo hili. Mwaka 2015 Tom Dart, mkuu wa polisi wa kaunti ya Cook, ambamo mna mji wa Chicago, aliziandikia Visa na Mastercard akizitaka ziachane na Backpage, tovuti ya matangazo madogomadogo yakiwemo ya ngono. Siku chache tu, kadi zikafungwa. Backpage ikaenda mahakamani, na Novemba mwaka huo jaji Richard Posner wa mahakama ya rufaa akamzuia Dart kuendelea na vitisho hivyo: ofisa wa serikali hawezi kufanikisha kwa barua yenye nembo ya ofisi kile ambacho katiba inamkataza kukifanya kwa sheria. (Backpage yenyewe haikuwa malaika. FBI waliifunga mwaka 2018. Haki haisubiri mteja mzuri.)

Mei 2024 Mahakama ya Juu ilirudia msingi huo kwa kauli moja katika kesi ya chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, dhidi ya Vullo, aliyekuwa msimamizi wa benki na bima jimbo la New York.

Collective Shout si serikali. Kuandika barua na kushawishi watu wasusie ni haki yao, na ni kujieleza vilevile. Wachezaji nao walijibu kwa silaha ileile: walizipigia Visa na Mastercard simu kwa wingi na kujaza orodha za saini.

Muuzaji hana haki ya kuchagua cha kuuza?

Anayo, na aachiwe. Duka la vitabu vya dini halilazimiki kuuza riwaya za mapenzi. Mwaka 2018 Valve ilisema itaruhusu kila kitu isipokuwa kilicho haramu au cha uchokozi mtupu. Machi 2019 ikakataa gemu iliyoitwa Rape Day, ikisema ina gharama na hatari zisizojulikana. Watu walizomea na kushangilia, lakini mwenye uamuzi alijulikana. Hasira ingekwenda kwake na sifa ingekwenda kwake.

Ukiniuliza mimi, tatizo la 2025 liko hapo. Maduka ni mengi; ukikataliwa hapa unakwenda pale. Mitandao ya kadi inayotawala sehemu kubwa ya dunia ni miwili. Ukikataliwa nayo, unakwenda wapi?

Wanaotaka gemu hizi zitoke wana hoja yoyote?

Wanayo. Gemu inayomzawadia mchezaji kwa kubaka si kitu cha kuchekea, na mwanamke aliyepitia hayo hahitaji utafiti ili aumie akiiona ikiuzwa karibu na gemu za watoto. Pia ni kweli kwamba Valve ilikuwa na miaka ya kuweka mlango imara zaidi ikalala. Kumwambia mlalamikaji "kama hupendi usinunue" ni jibu la mtu asiyesikiliza.

Lakini unaweza kukichukia kitu na bado ukauliza nani ameamua, kwa kanuni ipi iliyoandikwa, na aliyeonewa anakwenda wapi. Mimi binafsi sizililii gemu zenyewe hata moja. Ninachouliza ni hayo matatu.

Mbona hata watengenezaji wasio wa ngono wanalalamika?

Kwa sababu ufagio wa itch.io ulipita kwa alama, si kwa maudhui. Mtengenezaji mwaminifu aliyeweka alama ya "watu wazima" kwenye simulizi ya mtu aliyenusurika kunyanyaswa, au hadithi ya mapenzi ya watu wa jinsia moja isiyo na picha hata moja ya uchi, alifagiwa. Asiyeweka alama alibaki. Mwakani wataweka alama wangapi?

## Kwa mnunuzi na mtengenezaji

Nilishanunua. Itapotea?

Kwa kawaida Steam ikiitoa gemu dukani, aliyekwisha kuinunua hubaki nayo kwenye maktaba yake na huweza kuipakua tena. Kwa itch.io, pakua nakala na uihifadhi. Mafaili yake mengi hayana kufuli. Kumbuka tu kwamba masharti ya Steam yanakupa leseni ya kutumia, si umiliki.

Nalipia Nairobi au Dar. Inanihusu?

Inakuhusu zaidi ya unavyodhani. Steam huwatoza wanunuzi wa Kenya na Tanzania kwa dola, kwa hiyo kukatwa kwa PayPal kwenye sarafu nyingine hakukuwagusa moja kwa moja. Lakini ile kadi ya mtandaoni unayotengeneza ndani ya simu bado ni kadi ya mitandao hiyohiyo. GlobalPay ya M-Pesa, iliyoanza Kenya Juni 2022, ni Visa. Pesa inatoka kwenye simu yako, lakini ikivuka mpaka inafuata kanuni zilezile, ile ya aibu ikiwemo.

Na sheria za huku?

Ni kali kuliko za Marekani, kwa hiyo usichukue hoja za katiba ya huko ukazitumia polisi hapa. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inafanya kuchapisha ponografia kupitia kompyuta kuwa kosa. Kenya, kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu biashara ya machapisho machafu. Uganda ilikuwa na Sheria dhidi ya Ponografia ya 2014, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikafuta vifungu vyake muhimu kwa kuwa havikueleweka vinakataza nini. Ukiwa mtengenezaji Arusha au Kampala, ongea na wakili kabla ya kuongea na Steam.

Gemu yangu imetolewa. Nifanye nini?

Kwanza soma barua pepe ya duka uone kama ni sharti la 15 au jingine. Kwa waliokumbwa Julai, Valve ilisema itawapa haki ya kuweka gemu nyingine bila kulipa upya. Kawaida ada ni dola 100 kwa kila gemu. Pili, tunza kila ujumbe. Tatu, usibadilishe alama za maudhui kwa kujificha, maana ukigundulika ndipo utakapokuwa na kosa la kweli.

## Visa vya pembeni

Gemu zenye wahusika wanaofanana na watoto?

Maudhui ya ngono ya watoto hayamo kwenye mjadala huu. Steam huyakataa, na sheria za nchi nyingi huyaadhibu, za kwetu zikiwemo. Anayeyaingiza kwa kisingizio cha uhuru anaubomoa uhuru wenyewe.

Kwa hiyo kilichoipata Horses ni sharti la 15?

Hapana, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kutazamwa peke yake. Horses ni gemu ya kutisha, nyeusi na nyeupe, ya studio ya Italia iitwayo Santa Ragione: shamba ambalo watu wanavalishwa vinyago vya farasi na kufugwa kama wanyama. Steam iliikataa mwaka 2023, miaka miwili kabla ya barua ya Collective Shout, ikihusisha uamuzi wake na sera yake kuhusu watoto. Studio ilisema wahusika wote ni watu wazima. Katika toleo la mwanzo, eneo moja lilikuwa na binti mdogo aliyebebwa mabegani na mwanamke aliye uchi. Baadaye wakambadilisha akawa mtu mzima. Haikusaidia. Steam haipokei tena gemu iliyokwisha kukataliwa kwa sababu hiyo.

Desemba 2025 gemu ikatoka. Duka la Epic nalo liliikataa saa 24 hivi kabla ya kutoka, ila duka la GOG likaiuza, tena kwa fahari. Hapa kadi hazikuwa na neno. Ni duka lililoamua, kwa jina lake, na mnunuzi akaenda duka la jirani. Unaweza kuona Steam walikosea, na studio imeumia kweli kwa kufungiwa soko kubwa, lakini angalau kuna mlango wa kugonga.

GOG waligawa gemu bure kweli?

Kweli. Agosti 2025, kwa saa 48, waligawa gemu 13, kadhaa kati yake zikiwa za watu wazima, chini ya kaulimbiu ya uhuru wa kununua. Wakasema zaidi ya watu milioni moja walichukua. Biashara nzuri pia, tusidanganyane.

Uingereza wanadai uthibitisho wa umri. Ni jambo lilelile?

Ni jambo jingine, ingawa yaligongana tarehe. Sheria ya Usalama Mtandaoni ya Uingereza ilianza kudai ukaguzi wa umri kwenye ponografia tarehe 25 Julai 2025, na mwezi uliofuata Steam ikawataka wateja wa huko wawe na kadi ya mkopo kwenye akaunti kabla ya kuona kurasa za watu wazima, kwa kuwa huko kadi hiyo hapewi aliye chini ya miaka 18. Hapo kuna bunge, kuna sheria unayoweza kuisoma na kuipinga. Kichekesho ni kwamba funguo bado iko kwa kampuni ya kadi.

Mbona gemu za kuua watu haziguswi?

Ziliguswa. Desemba 2014 maduka ya Target na Kmart nchini Australia yaliitoa GTA V, gemu ya uhalifu na mauaji, baada ya ombi la wanawake walionusurika ukatili, na Collective Shout waliliunga mkono. Gemu hiyo iliendelea kuuzwa kwingine. Tofauti ya wakati ule ni kwamba maduka fulani yalitoa kitu rafuni na mengine yakaendelea kukiuza.

Amri ya Trump ya Agosti 2025 kuhusu benki itazirudisha?

Amri ya tarehe 7 Agosti inawalenga wasimamizi wa benki na benki zinazowanyima watu huduma kwa sababu za siasa, dini au biashara iliyo halali. Haitaji gemu. Wapo walioisoma kwa matumaini kwa sababu ya yale maneno "biashara iliyo halali", lakini sharti la 15 halikuondoka Steam kwa amri hiyo.